Haiwezekani kila mgonjwa awe anapumua 20

Chukua faili za wagonjwa kwenye wodi yoyote penye kazi imezidi watu, fungua ile karatasi ya vipimo, uende moja kwa moja pale wameandika kupumua, yaani mgonjwa anavuta pumzi mara ngapi kwa dakika. Utapata 20, 18, 20, 20, 18, 20. Mzee wa pumu, 20. Kijana wa nduthi amevunjika mguu, 20. Mama ametolewa thieta asubuhi, 20. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu, 20. Hiyo si hesabu, hakuna mtu alihesabu hapo, mtu aliona nafasi tupu akaijaza na namba yenye haitamletea maswali.

Hii kitu inaniuma sana. Mimi nilisomea kozi ya usaidizi hospitalini, ile wengine wanaita nesi eidi na wengine helthkea asistanti, na saa hii niko kwa kliniki moja ndogo huku Eastlands, Nairobi, kwa hivyo karibu kila mtu mwenye anaingia kumwona daktari anapitia kwangu kwanza. Mimi ndio namuuliza jina, namkalisha, namfunga mashine ya presha, namweka kipimajoto, naandika. Daktari akifungua faili anaanza na namba zangu. Akiona ziko sawa anapita, akiona kuna moja imeruka anasimama hapo hapo. Sasa nikiandika uongo, hata kama ni uongo wa kuokoa dakika moja, kila mtu mwenye anakuja nyuma yangu anajenga juu ya huo uongo, daktari, mtu wa maabara, mtu wa dawa, wote. Na watu wengi wamekua wakiniuliza hii kozi ni ya maana ama ni ya kupoteza pesa, inachukua muda gani, kuna kazi ama hakuna. Nitafika huko. Lakini nikianza na karo na miezi nitakua nimewaonyesha mlango bila kuwaonyesha nyumba, wacha nianze na kazi yenyewe.

Kwanza nimalizane na kupumua. Unajua ni kwa nini watu huruka hiyo? Juu haina mashine. Presha mashine inakusomea, joto inakusomea, oksijeni unaweka kidole kwa kile kidude inakuandikia na mapigo ya moyo hapo hapo. Kupumua inataka macho yako, saa yenye mshale wa sekunde, na dakika moja nzima. Si sekunde 15 halafu uzidishe mara 4, dakika nzima, juu mtu mgonjwa hapumui kwa mpangilio, anaweza vuta haraka haraka halafu atulie, na wewe ukihesabu kile kipande kidogo unatoka na namba ya kipande.

Madam mwenye alitufunza alikua nesi wa miaka mingi, na kuna kitu alituonyesha siku za kwanza kabisa yenye mpaka leo naifanya bila kufikiria. Unashika mkono wa mgonjwa pale kwa kifundo, unahesabu mapigo ya moyo, ukimaliza huachilii mkono. Unaendelea kuushika vile vile, macho unayashusha kwa kifua, unaanza kuhesabu pumzi. Mgonjwa anadhani bado uko kwa mapigo. Ukimwambia "sasa nataka kuhesabu vile unapumua" imeisha, ataanza kupumua vile anadhani inafaa, hata wewe jaribu hapo ulipo uone. Mtu mzima mwenye ametulia anapumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Akifika 25 kwenda juu hiyo si ya kuandika tu na kupanga faili, hiyo unainuka unaenda kumwambia sista ama daktari kwa mdomo, hata kama presha iko sawa, hata kama mgonjwa mwenyewe anakwambia ako poa. Mara nyingi mwili ukianza kulemewa, kupumua ndio hubadilika kabla presha haijashuka. Ikishashuka umechelewa tayari.

Watoto ndio sasa. Hapa naomba hata kama huna nia ya kusomea hii kozi na uko na mtoto kwa nyumba, soma hii mara mbili. Mtoto chini ya miezi 2, akipumua mara 60 ama zaidi kwa dakika, hiyo ni kupumua haraka. Wa miezi 2 mpaka kabla afike mwaka, ni 50 kwenda juu. Wa mwaka mmoja mpaka kabla afike miaka 5, ni 40 kwenda juu. Hizo ndizo namba za Shirika la Afya Duniani zenye zinatumika kutafuta nimonia kwa mtoto mwenye anakohoa, na unazipata kwa macho na saa peke yake, hakuna damu inatolewa, hakuna picha. Unainua nguo kidogo uone kifua na tumbo, mtoto awe ametulia, asiwe analia wala ananyonya. Na ukiona ngozi ya chini ya mbavu inaingia ndani akivuta pumzi, usingoje kumaliza hesabu, huyo mtoto anafaa kuonwa saa hiyo hiyo. Sasa rudi kwa yule mtoto wa mwaka na nusu mwenye wamemwandikia 20. Inaweza kuwa alikua 20? Ni ngumu sana, kawaida hata mtoto mwenye afya wa huo umri huvuta zaidi ya hapo. Mwenye aliandika hiyo namba karibu hakika hakuangalia mtoto. Na hii Nairobi yetu Juni na Julai baridi ikiingia benchi inajaa mama na watoto wanakohoa, wamefunikwa shuka tatu tatu, na ni rahisi sana kupitisha mmoja kwa sababu amelala na anakaa mtulivu. Mtoto mgonjwa sana hukaa mtulivu. Hiyo ndio inaniogopesha.

Presha nayo watu hudhani ni ya kubonyeza tu. Mtu wa kwanza kutengeneza ile mashine ya kufunga mkono vile tunaijua alikua daktari Muitaliano anaitwa Riva-Rocci, mwaka wa 1896, halafu 1905 Mrusi anaitwa Korotkoff akaonyesha vile unaweza sikiliza sauti za mshipa na stethoskopu ndio upate namba ya juu na ya chini. Tulifunzwa kwanza ile ya kupampu na kusikiliza na masikio, siku hizi nyingi ni za betri, lakini nashukuru tulianza na ile ya masikio juu mashine ya betri ikikosea unajua imekosea.

Kuna mambo madogo yenye hubadilisha presha ya mtu kabisa na hayaandikwi kwa ukuta. Mgonjwa anafaa akae, dakika 5, bila kuongea. Mgongo umeegemea kiti, miguu yote miwili iko chini, hajakunja moja juu ya nyingine. Mkono umelazwa kwa meza, usawa wa moyo, si unaning'inia. Ile nguo ya presha inafungwa kwa ngozi, si juu ya sweta, na si kuvuta sweta juu mpaka ikakaza mkono juu ya kiwiko, hiyo nayo ni kufunga mtu. Kama mkono ni mnene utafute nguo kubwa, ukitumia ndogo itakupa presha ya juu yenye mtu hana. Nusu saa kabla asiwe amekunywa kahawa ama kuvuta sigara. Na kibofu, watu husahau kibofu, mtu akiwa amebana mkojo presha inapanda.

Sasa weka hayo yote kwa maisha ya hapa. Kliniki nyingi za huku ziko gorofa ya pili ama ya tatu, juu ya duka la simu ama hardwea, mtu ametoka steji, amepanda ngazi, amengoja kwa benchi na mkojo juu hajui choo iko wapi na anaona haya kuuliza, amevaa jaketi mbili, na ukimwita anaingia akiongea kuhusu kondakta mwenye amemzidishia nauli. Ukimfunga mashine saa hiyo unapima ngazi na kondakta. Juzi kuna shosh aliingia, ya kwanza ikasoma 168 kwa 94. Nikamwambia shosh, hatutaandika hii bado, choo ni mlango wa kushoto, enda pole pole, urudi tukae. Akarudi, akatoa sweta, akakaa, nikamwomba asiniongeleshe kidogo, akacheka akanyamaza. Baadaye ikasoma 138 kwa 82. Kwa kliniki tunaanza kuzungumzia ugonjwa wa presha ikifika 140 kwa 90, na hata hapo inafaa ipimwe zaidi ya siku moja. Fikiria kama ningeandika ile ya kwanza. Shosh angeenda nyumbani na wasiwasi, pengine na dawa za kununua kila mwezi, na pesa yenyewe ni ya kutumiwa na watoto.

Tena kuna upande mwingine, mwenye presha yake ni 180 kweli kweli na mtu anaandika 130 kwa sababu mashine imezima betri na foleni ni ndefu. Huyo siku moja anaanguka jikoni upande mmoja umekufa, na faili inasema alikua sawa.

Nimeongea sana kuhusu vipimo lakini kozi si vipimo peke yake, na kusema ukweli sehemu kubwa ya masomo na ya atachimenti, yale mazoezi ya kazi hospitalini, ni kitanda. Kuogesha mtu mwenye hawezi kujiogesha, kubadilisha shuka na mtu bado amelala juu yake, kulisha, kupeleka choo, kugeuza. Hii ndio sehemu yenye watu huidharau, wanasema ati umeenda kusomea kuosha watu. Mtu mwenye amelala bila kujigeuza ngozi yake inaanza kuoza pale mfupa umekaribia, mgongoni chini, visigino, nyonga, na kidonda cha kulala kikishafunguka kinachukua miezi kupona na kinaweza kumuua kwa maambukizi. Mara nyingi tunafundishwa kumgeuza kila masaa 2. Mchana ni rahisi, usiku saa tisa ndio utajua kama umesomea hii kazi kwa moyo. Mtu wa stroku naye halishwi amelala, anakalishwa wima, kijiko kidogo, unangoja ameze, unaangalia kama anakohoa ama sauti imekua ya maji maji, juu chakula kikiingia upande wa mapafu hiyo ni nimonia. Familia hawajui hii. Wanakuja na uji kwa flask saa ya kuona wagonjwa, wanampakia kijiko kikubwa na upendo mwingi, na ni wewe unafaa kuwashika mkono pole pole uwaonyeshe bila kuwaaibisha mbele ya wodi nzima.

Na kuvuta pazia. Tulikua tukikumbushwa kila siku mpaka ikaingia kwa damu. Kabla hujafunua mtu, unamwambia unataka kufanya nini, unavuta pazia, unafunika ile sehemu huoshi. Mzee wa miaka 70 mwenye amekua kichwa cha boma yake miaka yote, saa hii anavuliwa na msichana wa umri wa mjukuu wake, si rahisi kwake. Unamwita mzee ama baba, unamwuliza kama maji iko sawa, unaongea naye kuhusu kwao. Nimeona mtu akikataa kuoshwa na kila mtu na akikubali na mmoja tu kwa sababu huyo mmoja alimwuliza kwanza.

Sasa mambo ya huko nje, juu najua wengi wenu nia ni Marekani. Binamu yangu ako huko na tumeongea sana juu ya hii. Watu wanachanganya kazi mbili. Kuna CNA, huyo ni msaidizi wa wauguzi, anafanya sana kwa nyumba za wazee na hospitali, kazi yake ni ile ya kitanda nimeeleza. Sheria ya serikali yao ya 1987 inasema mafunzo yasipungue masaa 75, na majimbo mengine yanataka zaidi ya hapo. Wakenya wengi wakifika huko wanaanzia hapo, na wengine hapo ndio wanajilipia shule ya unesi. Halafu kuna medikali asistanti, huyo ni mwingine kabisa. Yeye kazi yake sana sana ni kwa kliniki za madaktari, na nusu ya kazi ni ofisi: kupanga siku za wagonjwa, rekodi, mambo ya bima. Nusu ingine ni kama yangu, vipimo, kuandaa mgonjwa, na juu ya hiyo anaweza toa damu, kufanya kipimo cha moyo cha ECG, kudunga chanjo chini ya daktari kulingana na sheria ya jimbo. Kozi yao inaweza kuwa karibu mwaka mmoja ya setifiketi ama miaka 2 ya kolegi. Kuna cheti kinaitwa CMA kinatolewa na chama chao AAMA, mtihani wake ni maswali 200 ya kuchagua jibu, na shule zenye zimeidhinishwa zinataka ufanye si chini ya masaa 160 kwa kliniki ya ukweli kabla umalize.

Hapa kwetu hiyo kazi haijakaa kwa mtu mmoja. Damu inatolewa na mtu wa maabara, rekodi ziko na watu wa rekodi, sindano ni nesi ama klinikal ofisa, yule wa diploma mwenye huona wagonjwa na kuandika dawa, na sisi wasaidizi tuko na vipimo na kitanda. Kwa kliniki ndogo mambo huingiliana kidogo, unajipata pia wewe ndio unashika simu na kupanga foleni. Binamu ndio alinifundisha kitu kimoja chenye sikuwa nimepata darasani kuhusu zile chupa za damu, juu mimi sitoi damu, mimi hupeleka tu. Kifuniko cha zambarau ni cha kuhesabu chembe za damu, kiko na dawa ya kuzuia damu isigande yenye iko na potasiamu. Cha nyekundu ndio hutumika kupima vitu kama potasiamu na figo. Sasa mtu akianza na cha zambarau halafu cha nyekundu, ile dawa kidogo ikibebwa na sindano inaingia kwa nyekundu, potasiamu inasoma juu na kalsiamu inasoma chini, na daktari anaanza kutibu ugonjwa wenye haupo. Ndio maana kuna mpangilio, nyekundu inatangulia zambarau. Nilifurahi sana kuelewa hii juu ni ile ile habari ya mtu wa kwanza kwenye mstari.

Haya, karo na miezi. Tembea Tao hizi barabara za chini na Moi Avenue uangalie nguzo na kuta, utaona karatasi zimebandikwa, jifunze unesi miezi 3, kazi ya hakika, safari ya nje. Simtaji mtu. Nataka tu ujue kuwa cheti cha usaidizi hakikufanyi nesi, hata kozi iwe nzuri namna gani, hata uniformu ifanane. Nesi anasajiliwa na Baraza la Wauguzi. Klinikal ofisa yuko na baraza lake, mtu wa maabara yuko na bodi yake, mtu wa dawa yuko na Pharmacy and Poisons Board. Kwa hivyo kabla utoe hata shilingi ya fomu, uliza swali moja: nikimaliza hii kozi, nani atanisajili, na kama hakuna, hicho cheti kitakubalika wapi? Wakianza kuzunguka zunguka, shuka hizo ngazi uende.

Halafu uliza kama kolegi iko na usajili wa TVETA, hao ndio wanasimamia vyuo vya ufundi na orodha yao iko kwa tovuti yao, hauhitaji kumwamini mtu wa mapokezi. Uliza mtihani wa mwisho unatungwa na nani. Uliza atachimenti, ni wao wanakutafutia hospitali ama utapewa barua uzunguke nayo mwenyewe kwa jua. Omba kuona chumba cha mazoezi. Kiko na kitanda? Kiko na mdoli wa kufanyia mazoezi? Mashine za presha ziko ngapi na wanafunzi ni wangapi? Nimeongea na msichana mmoja mwenye alimaliza kozi nzima mahali fulani bila kumfunga mtu hata mmoja nguo ya presha, alikua anajua majina ya mifupa yote kwa kichwa, ameyashika vizuri sana, na siku ya kwanza ya kazi mikono ilikua inatetemeka. Alilipa pesa ya mama yake ya kuuza mboga. Huyo ndio mtu huwa namfikiria nikiandika hizi vitu, na shule yenye ilimchukulia pesa inajua ilichofanya.

Kama uko na gredi, usikimbilie kozi fupi kwanza. KMTC, kile chuo cha serikali cha kozi za afya, imekua ikifundisha tangu 1927, ilianzia hapa hapa Nairobi na makao makuu yake mpaka leo yako karibu na Hospitali ya Kenyatta, na siku hizi ina kampasi karibu kila pembe ya nchi. Diploma ya klinikal ofisa ni miaka 3 na mwaka mmoja wa intani juu yake, na inataka angalau C ya KCSE na masomo ya sayansi yakae vizuri. Nafasi unaomba kupitia KUCCPS, wale wa serikali wanaopanga wanafunzi vyuoni. Ni safari ndefu lakini ukitoka uko na leseni mkononi, unaweza kuona mgonjwa na kumwandikia dawa. Mimi nataka kwenda huko, naweka pesa kidogo kidogo, na sijutii kuanza na usaidizi juu nimejua wodi inanuka vipi na bado nataka. Lakini si kila mtu anafaa kupitia njia yangu, na yule mwenye ako na C yake mezani na mtu anamwuzia kozi ya miezi 3 nataka asome hapa kwanza.

Na kuna njia ingine watu hawaiangalii sana. Mama yangu ni CHP huku Kayole, wale wahudumu wa afya ya jamii. Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu 100,000 nchi nzima, wakapewa mabegi, ndani kuna mashine ya presha, ya sukari, kipimajoto, mizani, na ule mkanda wa kupima mkono wa mtoto kama ana utapiamlo. Chini ya sentimita 11.5 kwa mtoto wa miezi 6 mpaka miaka 5 ni utapiamlo mkali, huyo anapelekwa hospitali. Mama anazunguka ploti kwa ploti, na ile kazi anafanya ni ile ile yangu, tofauti ni yeye anaifuata kwa mlango. Tumekaa naye jioni nikimwonyesha ile ya dakika 5 na miguu chini, na yeye akanionyesha kitu sikujua, ukipima mtu kwake nyumbani anatulia haraka kuliko kliniki, lakini lazima uzime televisheni kwanza. Sasa anawaambia majirani wamkalishe kiti, wazime TV, watume watoto nje. Wameanza kuzoea. Kuna baba mmoja wa ploti ya pili alikua anakataa kupimwa kila mara, ati yeye hana shida, siku moja akakubali tu juu amemuona mama amekaa naye kimya dakika 5 nzima bila haraka, ikasoma juu sana, akarudi kesho yake ikasoma juu vile vile, akaandikiwa barua ya kwenda hospitali. Saa hii anakunywa dawa na anaendesha mkokoteni wake.

Pesa ya hii kazi ya usaidizi si kubwa, nisiwafiche. Kliniki ndogo zinalipa kidogo na masaa ni marefu, kazi za kuchunga wazee kwa manyumba za upande wa Lavington na Runda huwa na afadhali kidogo lakini unalala huko na uko peke yako na mgonjwa, hakuna sista wa kuita. Kwa hizo nyumba ndio utajua kama ulihesabu pumzi darasani ama ulijaza namba.

Kitu cha mwisho, na hii ifanye kabla hata ya kulipa karo. Chanjo ya hepatitisi B. Ni sindano tatu, ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza, ya tatu miezi 6 baada ya ya kwanza, kwa hivyo ukingoja mpaka wiki ya atachimenti utaingia wodi na moja tu. Vyuo vingine havikwambii, vinadhani hospitali itakwambia, na hospitali inadhani chuo kilishafanya. Sindano iliyotumika usiifunike tena na kifuniko chake, inaenda moja kwa moja kwa lile boksi la njano, na boksi likifika robo tatu linafungwa, halishindiliwi. Na ukichomwa, osha na maji na sabuni, usikamue, ripoti saa hiyo hiyo, usiogope kugombezwa, juu dawa za PEP za kuzuia HIV zinafaa zianze ndani ya masaa 72 na zikianza mapema zaidi ndio bora, na unazimeza siku 28 bila kuruka. Vyuo vingi vinachukua wanafunzi Januari, Mei na Septemba. Kama unalenga Septemba, enda upate sindano ya kwanza saa hii, na kile kikaratasi wanakupa cha tarehe ukiweke pamoja na cheti cha kuzaliwa, kuna hospitali zitakuitisha.